FIGO ZA PAKA ALIYEUMIA: PICHA YA MAWIMBI YA SAUTI YASEMA NINI

Katika maghala mengi ya vyama vya msingi, paka hufugwa ili panya wasitoboe magunia ya mahindi, mpunga na karanga. Jina lake halimo katika daftari la mali ya chama, wala hana fungu katika makisio ya mwaka. Hata hivyo kazi yake huonekana upesi siku anapokosekana. Ndipo maswali huletwa kwa bwana mifugo paka huyo anapogongwa na lori uani, au anapokutwa amejikunyata chini ya chaga za magunia, hali chakula wala hakojoi.

Watu husema kwamba mtu asiyekufa kwa urahisi ana roho ya paka. Usemi huo umewaponza paka wengi. Paka aliyegongwa huinuka, hujikung'uta, hupanda juu ya ukuta na kulala. Watu wakarudi kazini wakiamini kwamba amepona. Siku ya pili au ya tatu hutapika na kulegea, na hapo madhara yaliyoanza siku ya ajali huwa yamekwisha kukomaa. Aghalabu madhara hayo yamo katika figo, au katika njia ya mkojo itokayo humo. Somo hili laeleza jinsi mashine ya altrasaundi inavyomsaidia daktari wa mifugo kuyatambua, na mahali ambapo mashine hiyo hufika kikomo chake.

Figo na kazi yake

Paka ana figo mbili zilizolala chini ya uti wa mgongo, nyuma kidogo ya mbavu, nje ya utando laini ufunikao matumbo. Ya kulia hukaa mbele kidogo kuliko ya kushoto. Kwa paka mwembamba daktari huweza kuzipapasa kwa vidole, kila moja ikiwa na umbo la haragwe. Hazikukazwa sana mahali pake, hasa ile ya kushoto. Jambo hilo huziokoa na mapigo madogo, lakini katika pigo kubwa mishipa ya damu au mrija wa mkojo huweza kunyofoka.

Figo huchuja damu, hutoa uchafu na kuhifadhi maji. Asili ya paka wa nyumbani ni paka-mwitu wa nchi kavu za Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati, na urithi huo waonekana hata leo: figo zake zaweza kuufanya mkojo uwe mzito sana ili maji yasipotee bure. Paka mzima mwenye afya hutoa mkojo kiasi cha mililita 1 hadi 2 kwa saa kwa kila kilo ya uzito wake. Paka wa kilo 4, basi, hutoa kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa saa, au zaidi kidogo. Figo zinaposhindwa ghafula, uchafu hubaki damuni, mdomo hunuka, chakula hukataliwa, na madini ya potasiamu huzidi hata yakaupunguza moyo mwendo wake na pengine kuusimamisha.

Kipimo cha kawaida cha damu ni kile cha kreatinini, uchafu utokao katika misuli. Kipimo hiki ni kizuri lakini ni kizito kuamka, kwa maana hupanda waziwazi baada ya karibu robo tatu ya uwezo wa figo kupotea. Kadhalika hakisemi ni kitu gani kilichoharibika. Paka mwenye sumu, paka mwenye jiwe na paka aliyepasuka kibofu wote watatu huweza kuwa na kreatinini ileile, ilhali tiba zao hazifanani hata kidogo. Hapo ndipo picha inapohitajiwa.

Mashine isikilizayo mwangwi

Mtu akiita mbele ya jabali, sauti humrudia. Jabali likiwa mbali mwangwi huchelewa, likiwa karibu huwahi. Mashine ya altrasaundi hufanya hesabu hiyohiyo. Kifaa cha mkononi hutetemeshwa kwa umeme na kutoa sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii kabisa. Sikio hukoma kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Kwa paka daktari hutumia mitetemo milioni 7.5 hadi milioni 10, pengine na zaidi. Sauti hiyo hupita katika nyama kwa mwendo wa meta 1,540 hivi kwa sekunde, na kila inapokuta badiliko la kitu, sehemu yake hurudi. Mashine hupima muda wa kurudi na nguvu ya mwangwi, kisha huchora picha kwenye kioo.

Maji, mkojo na vitu vingine vya majimaji havirudishi mwangwi, basi huonekana vyeusi. Nyama huonekana ya kijivu. Mafuta hung'aa. Mfupa na jiwe hung'aa sana na kuacha kivuli cheusi nyuma yake. Hewa huizuia sauti isipite, na kwa sababu manyoya hushika hewa, paka hunyolewa ubavuni na tumboni, kisha hupakwa jeli. Mashine hii haitoi miale kama ya eksirei, kwa hiyo kipimo chaweza kurudiwa mara nyingi kwa siku moja bila ya kumdhuru mnyama wala amshikaye.

Chanzo cha mashine hiyo si hospitali. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele fulani zikigandamizwa hutoa umeme. Maarifa hayo yakatumiwa baadaye baharini, na viwandani kukagua nyufa ndani ya vyuma. Mwaka 1955 Profesa Ian Donald wa Glasgow, huko Scotland, aliuchukua uvimbe uliokatwa kutoka kwa wagonjwa akaupeleka katika kiwanda kimoja cha Renfrew chenye mashine ya kukagulia vyuma, akaona kwamba uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama hutoa mwangwi tofauti. Mwaka 1958 yeye na wenzake walitangaza kazi yao katika jarida la The Lancet. Kutoka kwa wajawazito mashine ikafika kwa kondoo na ng'ombe, na hatimaye kwa paka.

Vyama vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa vina faida hapa ambayo havikuitambua. Mashine ndogo anayotumia daktari wa mifugo kutazama mimba ya ng'ombe kwa kupitia njia ya haja kubwa hufanya kazi kwa mitetemo milioni 5 hadi 7.5. Figo ya paka haiko mbali na ngozi. Basi mashine hiyohiyo, ikisha kusafishwa barabara, yaweza kuitazama. Haitoi picha safi kama ya hospitali kubwa, lakini kwa kujua kama kuna maji tumboni au kama figo moja imevimba, yatosha.

Sura ya figo nzima

Asiyeijua figo nzima hawezi kuitambua iliyoharibika. Kwa paka mzima, urefu wa figo huwa kiasi cha sentimeta 3 hadi 4.3. Ukingo wake ni laini na unaonekana kama mstari mwembamba unaong'aa. Tabaka la nje ni la kijivu. La ndani ni jeusi zaidi, na mpaka kati ya hayo mawili huonekana wazi. Katikati kuna chumba kidogo cha kukusanyia mkojo, ambacho kwa kawaida hakionekani sana au huwa na upana usiozidi milimita 2 hivi. Mrija utokao hapo kwenda kwenye kibofu hauonekani kabisa ukiwa mzima, kwa kuwa upana wake wa ndani haufiki hata nusu milimita.

Mtego mmoja huwanasa wanaojifunza. Paka mnene, hasa dume aliyehasiwa, huweka mafuta ndani ya tabaka la nje la figo, nalo likang'aa ingawa mnyama hana ugonjwa wowote. Mng'ao peke yake, basi, si hukumu. Daktari mwangalifu huilinganisha figo na ini na bandama, huilinganisha ya kulia na ya kushoto, ndipo aseme.

Paka aliyepigwa

Chukuliwe mfano wa paka wa kilo 4 aliyegongwa na tela la trekta wakati wa magharibi. Analetwa usiku, ufizi umepauka, miguu ni ya baridi. Daktari haanzi na figo. Huanza na pumzi, damu itokayo na mapigo ya moyo, kisha humwekea dripu. Wala paka anayehema kwa shida halazwi chali, maana aweza kufa mezani. Wakati dripu inaendelea, kifaa cha mkononi hupitishwa haraka katika sehemu nne: chini ya kidari panapopakana na ini, ubavu wa kushoto penye bandama na figo, juu ya kibofu, na ubavu wa kulia penye ini na figo. Kinachotafutwa ni kitu kimoja tu, yaani weusi mahali ambapo hapapaswi kuwa na weusi. Kazi hiyo huchukua dakika chache.

Mara ya kwanza huenda kusionekane kitu. Hapa wengi hukosea. Mnyama aliyeishiwa damu na maji hana cha kuvujisha kwa wingi, na mkojo unaotoka kwenye tundu dogo huchukua muda kukusanyika. Kwa hiyo kipimo hurudiwa baada ya saa chache, mnyama akisha kupata maji. Tuseme sasa kuna ukanda mweusi kuizunguka figo ya kushoto, nje ya utando wa matumbo. Ukanda huo waweza kuwa damu na waweza kuwa mkojo. Kwa macho tu, mashine haiwezi kuvitenganisha. Daktari huingiza sindano nyembamba huku akiitazama kwenye kioo, hutoa matone machache na kupima kreatinini yake pamoja na ile ya damu. Ikiwa ya majimaji hayo ni mara mbili au zaidi ya ile ya damu, huo ni mkojo, na mahali fulani pamepasuka.

Kosa jingine hutokana na furaha. Paka akikojoa baada ya ajali, watu husema kibofu ni kizima. La hasha. Kibofu chenye tundu dogo huweza kutoa mkojo kwa njia yake huku kingine kikivujia tumboni. Na mrija mmoja ukikatika, figo ya upande wa pili huendelea kujaza kibofu kama kwamba hakuna lililotokea.

Figo yenyewe iliyopigwa huonyesha sura mbalimbali. Damu iliyovilia chini ya utando wake huonekana kama mwezi mwandamo uliobanana na ukingo. Ikiwa mbichi yaweza kuwa ya kijivu au ya kung'aa, na baada ya siku kadhaa huwa nyeusi. Asiyejua hilo huweza kufikiri ni jeraha jipya. Figo iliyochanika huwa na ukingo uliokatika. Mashine zenye uwezo wa kuonyesha mwendo wa damu kwa rangi husaidia sana hapa, kwa maana figo ambayo damu haiingii tena imekwisha kupotea, hata kama umbo lake lingali zuri. Habari njema ni kwamba michubuko mingi hupona kwa dripu na mapumziko, na kwamba paka huweza kuishi vizuri kwa figo moja iliyo nzima. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuiondoa figo iliyopasuka, daktari huitazama kwa makini ile ya pili. Mahali hasa panapovuja hutafutwa kwa eksirei, baada ya dawa inayoonekana katika picha kutiwa mshipani.

Sumu za ghalani na za karakana

Pigo huonekana na watu. Sumu haina shahidi. Iliyo mbaya kuliko zote kwa figo za paka ni ethilini glaikoli, iliyomo katika maji mengi ya kupozea injini yanayotiwa kwenye rejeta za malori na matrekta. Ladha yake ni tamu. Kiasi cha mililita 1.4 kwa kila kilo chatosha kuua. Paka wa kilo 4 hufa kwa kunywa kijiko kimoja cha chai na kitu kidogo juu yake, ikiwa dawa haikuchanganywa na maji. Tone la rejeta chini ya lori lililoegeshwa mlangoni pa ghala, basi, si jambo la kupuuzwa.

Mwilini sumu hiyo hugeuka na kutengeneza vijiwe vidogo mno vinavyojaa katika figo. Kwenye kioo figo hung'aa sana, na mng'ao huo huweza kuanza muda wa saa chache tu baada ya kunywa. Baadaye huweza kuonekana duara la mng'ao lenye ukanda mweusi, mithili ya mwezi ulioota ukungu, na paka mwenye alama hiyo mara nyingi ameacha kutoa mkojo. Jambo chungu ni kwamba dawa ya kuizuia sumu hii humfaa paka ndani ya saa 3 hivi za mwanzo. Anayesubiri picha iwe wazi amesubiri mno. Mtunza ghala aliyemwona paka akilamba maji hayo ana ushahidi mkubwa kuliko mashine yoyote, na yafaa aseme saa ileile.

Sumu za panya zina njia zao. Zile zinazozuia damu isigande humfanya paka aliyekula panya aliyesumishwa avuje damu ndani, na ukanda mweusi kandokando ya figo ukafanana kabisa na ule wa ajali. Zile zenye vitamini D kwa wingi huzidisha chokaa katika damu, nayo hukaa ndani ya figo. Mjini, mayungiyungi ya mapambo huua figo za paka hata kwa kutafuna jani moja au kulamba vumbi la ua. Mwisho kuna vidonge vya binadamu. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini hupunguza damu iingiayo katika figo, na humdhuru zaidi paka aliyekwisha kupoteza damu. Parasetamoli huharibu damu yenyewe. Paka waliopona ajali wameuawa na huruma ya aliyewapa nusu kidonge.

Jiwe

Wakati mwingine hakuna pigo wala sumu, bali kijiwe kimeziba mrija. Picha huonyesha chumba cha katikati kimetanuka na kujaa weusi. Kikizidi milimita 13, kuziba ni karibu yakini; kikiwa kati ya milimita 2 na hapo, huenda ikawa ni dripu tu imeongeza mkojo, na kipimo lazima kirudiwe. Hutokea figo moja ikawa kubwa na nyingine ndogo iliyokunjamana: ile ndogo ilikufa zamani bila mtu kujua, na hii kubwa ndiyo iliyokuwa ikimbeba mnyama hadi ilipozibwa.

Mambo ambayo picha haisemi

Picha huonyesha umbo, haipimi kazi. Figo iliyokosa damu kwa saa kadhaa au iliyodhuriwa na vidonge huweza kuonekana nzima kabisa siku ya kwanza. Kinyume chake, figo ndogo yenye mabonde, ambayo mpaka wa matabaka yake umefutika, ni dalili ya ugonjwa wa siku nyingi, ingawa paka ataendelea kukamata panya kwa miezi au miaka. Ndiyo maana IRIS, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa figo za wanyama, hupanga madhara ya ghafula katika madaraja 5 kwa kufuata kreatinini na mkojo, si kwa kufuata picha.

Thamani ya picha ni kutenga kinachoweza kushonwa au kuzibuliwa na kile kinachosubiri dripu na siku. Kamati ya chama inayoulizwa kama gharama za matibabu zilipwe haina budi kumwuliza daktari swali hilohilo: je, kuna kitu kilichopasuka au kuziba, na figo ya pili ikoje? Jawabu la maswali hayo lina uzito kuliko maneno "figo zimeharibika", ambayo hayamsaidii mtu kuamua.

Kabla ya safari

Paka mwenye maumivu huuma hata amjuaye. Afunikwe kwa gunia au blanketi na kuwekwa katika tenga la kuku lililofungwa vizuri, wala asivutwe kwa miguu. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya kwa ajili ya hatari ya kichaa. Paka asipewe kidonge chochote wala asinyweshwe maziwa kwa nguvu. Mtunza ghala aandike saa ya ajali, mara ya mwisho paka alipokojoa, na majina ya dawa zote zilizomo ghalani na karakana. Kasha la sumu lichukuliwe pamoja naye ikiwa lipo.

Maswali ya kujadiliwa na vikundi vya kusoma: Kwa nini daktari hurudia kipimo baada ya saa chache ingawa cha kwanza hakikuonyesha kitu? Majimaji meusi kandokando ya figo hutambuliwaje kuwa ni mkojo au damu? Katika ghala la chama, maji ya rejeta na sumu ya panya huwekwa wapi, na ufunguo wa mahali hapo hukaa kwa nani?